B450, B550 au X570: ubao mama upi wa AM4 unastahili pesa yako ukitaka kuovakloki

Swali la kwanza dukani huwa "unataka B450, B550 au X570?", na wengi huchukua yenye namba kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Kwa anayetaka kuovakloki, yaani kuisukuma prosesa au RAM ipite kasi iliyotoka nayo kiwandani, mtindo huo humla pesa bila kumpa kasi. Namba hizo ni jina la chipseti, chipu inayosimamia milango ya ubao, na chipseti hutoa ruhusa tu. Mbeba mzigo ni VRM, ile saketi iliyozunguka soketi ya prosesa, inayopokea volti 12 kutoka kwenye pawasaplai na kuzishusha hadi volti moja na kitu. Mbao mbili za chipseti moja zinaweza kuachana mbali kwa VRM kuliko B450 nzuri inavyoachana na X570 dhaifu.

Hapa tunalinganisha mbao za soketi ya AM4 ya AMD, ya prosesa za Ryzen 1000 hadi 5000, kwa sababu huko ndiko pesa kidogo bado inapata mashine ya maana: RAM ni DDR4, mtumba upo wa kutosha, na ubao wa mwaka 2018 unaweza kuendesha prosesa ya 2022.

Chipseti inaruhusu nini

A320 na A520 zitoe kwenye hesabu. Kizidishi cha prosesa, ile namba inayoweka kasi yake, kimefungwa. Utawasha XMP ya RAM, yaani mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani yake, basi. Zilizobaki zimefunguliwa zote: B350 na X370 za 2017, B450 na X470 za 2018, X570 ya 2019 na B550 ya 2020. Ryzen 5 5600 itakubali mipangilio ileile ya kasi kwenye B450 na kwenye X570, mradi BIOS, programu ya ndani ya ubao, iwe mpya.

Tofauti yenyewe iko kwenye PCIe, njia za data za kadi ya picha na SSD. B450 ina PCIe 3.0 kwa njia zinazotoka kwenye prosesa, na 2.0 kwa zinazopitia chipseti. B550 inatoa 4.0 kwa kadi ya picha na kwa SSD moja ya M.2, zile njia zinazotoka moja kwa moja kwenye prosesa. Nyingine zote zinapitia chipseti kwa 3.0. X570 ni 4.0 kila mahali, na inalipa kwa joto. Chipseti yake inakula wati zaidi ya kumi, ndiyo maana mbao zake za 2019 karibu zote zina kifeni juu ya chipseti. Kwenye ubao wa mtumba kifeni hicho hutangulia kuchoka, na vumbi la kwetu linakiharakisha. Matoleo ya X570S ya 2021 yalikiondoa.

Kwa kadi ya picha yenye njia 16, tofauti ya 3.0 na 4.0 kwenye michezo ni ndogo mno. Inauma kwenye kadi zilizopunguzwa njia. RX 6500 XT ina njia 4 tu na kumbukumbu ya GB 4; kumbukumbu ikijaa, data inalazimika kukimbilia kwenye RAM kupitia mlango mwembamba, na kwenye B450 kasi inaporomoka. RX 6600 na RTX 4060 zina njia 8, nazo hupoteza kidogo. Kuna mtego mmoja hapa: Ryzen 5 5500, pamoja na zile za herufi G kama 5600G na 5700G, zina PCIe 3.0 hata ukizichomeka kwenye X570. Kununua B550 kwa ajili ya 4.0 kisha ukaweka 5500 ni kulipa nauli ya ndege ukapanda basi.

VRM: hapa ndipo pesa ifanye kazi

Kiwandani Ryzen 5 5600X imewekewa kikomo cha wati 76 kwenye soketi. 5800X, 5900X na 5950X zina wati 142. Ukiondoa kikomo kwa PBO, mpangilio wa AMD unaoiruhusu prosesa kukipita, 5950X iliyopozwa vizuri inapita wati 200, na kwa volti 1.25 hivi, viini vyake vinataka ampea 150 na zaidi. Mkondo huo hugawanywa kwenye fezi, yaani vipande vya VRM vinavyosaidiana kubeba mzigo. Chukua ampea 160: ubao wa fezi 4 unaitwika kila fezi ampea 40, wa fezi 10 unaitwika 16. Joto linalopotea kwenye mosfeti, swichi za umeme za kila fezi, huenda na kipeo cha pili cha mkondo. Kwa hiyo 40 mara 40 mara fezi 4 ni 6,400. 16 mara 16 mara fezi 10 ni 2,560. Mosfeti zikiwa za aina moja, ubao mdogo unatoa joto mara mbili na nusu kwa kazi ileile, na kwa kawaida hitisinki yake ndiyo ndogo zaidi.

Maandishi ya boksi yasomwe kwa macho makali. "4+2" au "10+2+1" maana yake namba ya kwanza ni fezi za viini vya prosesa, ya pili ni za SoC, yaani kidhibiti cha RAM na picha za ndani. Ya kwanza ndiyo ya kuangalia. Watengenezaji wengine wanahesabu koili: koili mbili zilizofungwa kwenye fezi moja zinaandikwa kama fezi mbili. Si uongo mtupu, kwa sababu joto linagawanyika kweli, ila usishangae "fezi 8" ya ubao wa bei ya chini ikizidiwa na 8 za ubao mwingine. Uliza pia aina ya vipande. Mosfeti za mojamoja hupata joto kuliko zile zilizounganishwa kwenye chipu moja, maarufu kama DrMOS, ambazo huandikiwa uwezo wa ampea 50 au 60 kila moja.

VRM ikizidiwa hailipuki. Inapofika joto la kikomo, ubao unaiambia prosesa ipunguze mwendo, nayo inashuka hadi karibu GHz 0.5 kwa sekunde chache, inapanda, inashuka tena. Kwenye mchezo utaona picha zinakwama kwa vipindi na utailaumu kadi ya picha bure. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, na utafute mstari wa PROCHOT EXT. Mstari huo ukionyesha "Yes" huku prosesa yenyewe iko nyuzi 70, mgonjwa ni VRM.

Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 32 kinaongeza nyuzi zake kwenye hesabu hiyo, na vipimo vingi vya mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 21 hivi. Ukiona VRM imepimwa nyuzi 90 huko, kwako itakaribia 100. Aina ya kipoza nayo ina neno. Feni inayopuliza kuelekea chini, hata ile ndogo ya AMD inayokuja na prosesa, huipepea VRM. Kipoza cha maji kinaipoza prosesa na kuiacha VRM bila upepo kabisa, ndiyo maana mtu anaweka cha maji kwenye ubao dhaifu na mashine inakuwa nzito kuliko mwanzo. Feni moja ya milimita 120 nyuma ya kesi, karibu na soketi, hutibu sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Mbao nne kwenye mizani

| Ubao | Fezi za viini | PCIe ya kadi ya picha | Mtandao wa waya | Kusasisha BIOS bila prosesa |
|---|---|---|---|---|
| MSI B450 Tomahawk Max | 4 | 3.0 | Gbps 1 | Ndiyo |
| Gigabyte B550M DS3H | 5 | 4.0 | Gbps 1 | Ndiyo |
| ASUS TUF Gaming B550-Plus | 8 | 4.0 | Gbps 2.5 | Ndiyo |
| MSI MAG B550 Tomahawk | 10 | 4.0 | Gbps 2.5 na 1 | Ndiyo |

B450 Tomahawk Max ndiyo kipimo cha mtumba. Fezi nne tu, lakini hitisinki yake ni kipande cha maana cha alumini na si pambo. Inabeba Ryzen 5 na Ryzen 7 zikiwa zimeovaklokiwa, na 3900X au 5900X kwa kikomo cha kiwandani. Kupita hapo ni kuionea. Neno "Max" nalo lina kazi: chipu ya BIOS ni ya MB 32 badala ya 16, hivyo orodha ya prosesa inaingia bila kukatwa. Ile isiyo na Max inafanya kazi na Ryzen 5000 pia, ila kwa BIOS iliyopunguzwa sura.

B550M DS3H huvutia kwa bei. Kwa 5600 au 5700X inatosha na chenji inabaki. Fezi za SoC hazina hitisinki, jambo lisilo na madhara ukiwa na kadi ya picha ya kando. Ukiweka 5900X na kufungua PBO, hapo umeiomba isichokuwa nacho.

Kati ya TUF B550-Plus na B550 Tomahawk, tofauti ya VRM haitaonekana na mtu mwenye 5800X. Nunua iliyo rahisi siku hiyo. Tomahawk, yenye vipande vya ampea 60, inastahili nyongeza ikiwa una 5950X na unakusudia kuibebesha kazi ya saa nyingi kama kurenda video au uhuishaji. Zaidi ya kiwango hicho cha umeme, kwenye AM4 unalipia taa, Wi-Fi na sauti. Si dhambi, ila visihesabiwe kwenye bajeti ya kuovakloki.

X570 je? MSI X570-A Pro ilikosolewa na wapimaji mwaka 2019 kwa VRM iliyopata joto kali na prosesa kubwa, ilhali ASUS TUF Gaming X570-Plus, ya chipseti ileile, ina fezi 12 za viini na ilipita majaribio hayo bila jasho. Sababu moja ya haki ya kuchukua X570 ni SSD mbili au tatu za PCIe 4.0 zinazofanya kazi kwa pamoja. Nyingine ni kupata ya mtumba kwa bei ya B550, kifeni chake kikiwa kizima.

Unapata nini ukiovakloki Ryzen 5000

Kidogo kuliko watu wanavyodhani, na ni vizuri kujua kabla ya kuongeza pesa kwenye ubao. Njia ya zamani, kufunga viini vyote kwenye kasi moja, mara nyingi hudhuru. 5900X yenyewe hupandisha kiini kimoja hadi GHz 4.8 na zaidi. Ukiifunga kwenye 4.5 utarenda haraka kidogo na kucheza michezo polepole. Kama bado unaitaka njia hiyo kwa mashine ya kurenda, usipite volti 1.3 kwa matumizi ya kila siku.

Njia inayolipa ni PBO pamoja na Curve Optimizer, inayopunguza volteji ya viini. Kwenye BIOS ingia Advanced, kisha AMD Overclocking, ukubali onyo. Weka PBO kwenye Advanced, na vikomo uviandike mwenyewe (PPT ni wati, TDC ni ampea za kudumu, EDC ni ampea za kilele): kwa 5600X anza na PPT 120, TDC 80, EDC 110, kwa 5800X au 5900X kwenye ubao wa fezi 8, PPT 180, TDC 120, EDC 150. Usichague "Motherboard" kwenye ubao wa bei ya chini. Chaguo hilo huondoa vikomo na kuiachia VRM ijitetee. Kisha Curve Optimizer, viini vyote, Negative 10. Kila hatua hupunguza takriban milivolti 3 hadi 5, prosesa inapoa, nayo inajipandisha yenyewe. Ikitulia, nenda 15, halafu 20. Viini viwili ambavyo Ryzen Master, programu ya AMD, inavionyesha kuwa bora huhitaji punguzo dogo, kwa sababu tayari vinaendeshwa kwa volteji ya kubana.

Kosa la kawaida ni kupima kwa Cinebench pekee, programu inayoibebesha prosesa mzigo mzito. Punguzo lililozidi huangusha mashine ikiwa imetulia, unasoma barua pepe, na wala si kwenye mzigo. Tumia CoreCycler usiku mzima, inayopima kiini kimoja kimoja. Asubuhi angalia Event Viewer ya Windows: WHEA-Logger namba 18 inaelekeza kwenye kiini kilichopunguziwa mno, namba 19 mara nyingi ni FCLK, kasi ya njia ya data ndani ya prosesa, iliyopandishwa kupita uwezo.

Kwenye LLC, mpangilio unaozuia volteji isizame mzigo unapoingia, usinakili namba kutoka kwa mwenye ubao wa kampuni nyingine. Kwa MSI, Mode 1 ndiyo kali kuliko zote. Kwa ASUS, namba ikipanda ndipo inapokuwa kali. Mtu anayeandika "1" kutoka kwenye maelekezo ya ASUS anaipa MSI yake volteji ya kuchapa. Kwa PBO acha Auto.

RAM ndiyo yenye faida ya wazi kwenye michezo, na ubao wowote kati ya hizi nne unaimudu. DDR4-3600 CL16, FCLK 1800, yaani nusu ya 3600. XMP kwa ASUS huitwa D.O.C.P. na kwa MSI A-XMP. Vipande viwili vikae sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Ukivikalisha ya kwanza na ya tatu, 3600 inaweza kukataa na utadhani RAM ni mbovu. Vipande vinne hupunguza kasi inayofikika. DDR4-4000 inataka FCLK 2000, ambayo prosesa nyingi haziiwezi; RAM na FCLK zikiachana, ucheleweshaji unaongezeka na umelipa zaidi kupata kidogo.

Wenye 5800X3D au 5700X3D wasinunue ubao wa kuovakloki. Kizidishi kimefungwa na AMD yenyewe, na umeme wake ni wa kiasi. B450 nzuri inawatosha.

AM5 kwa ufupi

AM5 ni soketi iliyofuata AM4, na mantiki ni ileile. A620 imefungwa kwa prosesa, RAM inaruhusiwa. B650 ya 2022 imefunguliwa, na kwa wengi hapo ndipo pa kusimama, kwa kuwa X670 ni chipu mbili za aina ileile zilizounganishwa ili kuongeza milango. Jihadhari na B840 ya 2025: ina herufi B, lakini kuovakloki prosesa haimo, B850 ndiyo inayoruhusu. Na kama ubao ni wa miezi ya mwanzo, sasisha BIOS kabla ya kuwasha EXPO, yaani XMP ya AMD, kwa sababu mwaka 2023 AMD iliweka kikomo cha volti 1.3 kwenye SoC baada ya prosesa kadhaa kuungua.

Kabla ya kutoa pesa

Linganisha prosesa na ubao kwa jina kamili kwenye orodha ya mtengenezaji. B550 haiwashi Ryzen 5 2600, wala 3200G na 3400G, ingawa soketi ni moja. 3200G ni ya kizazi cha zamani chini ya jina jipya, na imewaumiza wengi. B450 iliyokaa dukani inaweza kuwa na BIOS isiyoijua 5600. Hapo kitufe cha kusasisha bila prosesa kinaokoa: flashi ya FAT32, faili libadilishwe jina liwe MSI.ROM kwa MSI au GIGABYTE.bin kwa Gigabyte, unganisha waya wa pini 24 na wa pini 8, bonyeza, subiri taa iache kumweta. Fanya hivyo kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati, rudia kwa kitufe hichohicho. Ubao usio nacho utaenda kwa fundi wa kuandika chipu. Tafuta toleo la BIOS lenye AGESA (msimbo wa AMD ulio ndani yake) 1.2.0.7 au jipya zaidi, lililoondoa mikwamo ya fTPM, kipengele cha usalama cha prosesa, kwenye Windows.

Kwa mtumba, pini za AM4 ziko kwenye prosesa, hivyo soketi haipindi kirahisi, lakini prosesa hung'oka pamoja na kipoza pesti ikiwa imekauka. Washa mashine dakika kumi ipate joto, izime, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia kabla ya kukivuta. Angalia kapasita karibu na VRM, rangi ya kahawia chini ya hitisinki, na sloti zote nne za RAM, moja baada ya nyingine. Mwisho omba nusu saa ya Cinebench R23 ikijirudia huku HWiNFO iko wazi. Mstari wa VRM MOS ukibaki chini ya nyuzi 100 na PROCHOT EXT ikabaki "No", lipa. Muuzaji akisema hana muda wa nusu saa, punguza bei kwa kiasi cha ubao mpya wa daraja la chini, au ondoka.